Ukurasa wa Mizigo Hai

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995. Mvua ilinyesha Malaba tangu alfajiri, ikakatika ghafla saa moja, na ukungu ukabaki umelala juu ya foleni ya malori hata Jiwe la Tororo ng'ambo ya mpaka halikuonekana.

Anyait aliushukuru ukungu ule. Alikuwa amesimama mlangoni kwa mdogo wake Omoding, amevaa gauni la kanisani siku ya kazi. "Leo jua litachelewa," alisema. "Vifaranga hawapendi jua."

Vifaranga wake mia sita, wa siku moja, walikuwa njiani kutoka Nakuru. Shule moja ya bweni kule Tororo ilikuwa imemwagiza, na ili awapate, Anyait alikuwa amewauza ng'ombe wake wawili, wote aliokuwa nao.

"Dada, wewe unajitesa," Omoding alisema huku akifunga mto wa kukalia abiria kwenye baiskeli yake ya boda boda. "Mimi ningezipitisha mtoni kabla chai haijapoa. Boksi sita. Safari tatu, kwisha."

"Shule inataka karatasi yenye muhuri. Halafu mimi nilisimama mbele ya kanisa nikasema magendo nimeacha. Unataka nirudi kuwaambia nini?"

"Uwaambie vifaranga hawajui mpaka."

Mke wa Omoding, Rosebella, alitoka ndani akifunga kitambaa kichwani. Ndiye aliyekuwa karani wa kompyuta katika kampuni ya kuvusha mizigo pale mpakani. Kompyuta alijifunza akiwa na miaka thelathini na minane, jioni baada ya jioni, katika ukumbi wa kanisa mjini Busia, miongoni mwa wasichana waliomwita nyanya kana kwamba ni bibi yao.

"Mama Sheilah, usiwe na wasiwasi," alimwambia wifi yake. "Fomu yako nitaiandika mimi mwenyewe. Lori likifika saa mbili, saa nne mko Tororo."

Wakasali wakiwa wamesimama. Rosebella aliomba kirefu, akataja lori, dereva, magurudumu, na mioyo ya watu wa getini. Omoding alifumbua jicho moja akaangalia chai yake.

* * *

Kampuni ile ilikuwa ya Bwana Josiah. Ilikuwa na vyumba viwili vya mbao na yadi pana nyuma yake, na hakuna lori lililotoka yadini kabla Rosebella hajaingiza fomu yake kwenye kompyuta na Elly, mlinzi wa geti, hajapata ruhusa.

Programu waliyotumia ilitengenezwa na kampuni moja ya Nairobi. Ndani yake mlikuwa na ukurasa wa sita, ukurasa wa mizigo hai, uliokusudiwa kupeleka wanyama na vitu vya kuoza mbele ya foleni. Ukurasa huo ulikuwa na maswali kumi na tisa. Ukikosea la kumi na nane, yote yalifutika, nawe ulianza upya. Rosebella aliujaribu mara tatu mwezi wa Julai, siku zile kompyuta ilipoletwa, kisha akaachana nao. Alipata njia yake. Mbuzi, samaki, nyanya, vyote aliviandika kwenye ukurasa wa kawaida, akachapisha fomu, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: HARAKA. Elly akiona wekundu ule alifungua geti. Wafanyabiashara walimpenda Rosebella kwa ajili hiyo. Wengine walimwita mama wa kalamu nyekundu, naye, ingawa alijua kiburi ni dhambi, alifurahi.

Lakini Jumatatu alikuwa amekuja fundi wa Nairobi, kijana mpole aitwaye Levis, akaweka programu mpya. Sasa geti lilikuwa na printa yake, na orodha ya malori ilifika huko kwa waya, kwa namba. Bwana Josiah alifurahi sana. Alitangaza kwamba mchezo wa kurukisha watu foleni umekwisha, na yeyote atakayefungua geti kwa maandishi ya mkono ataenda nyumbani.

Saa mbili na robo lori la vifaranga lilikuwa yadini. Rosebella aliandika fomu, akachapisha, akaweka wekundu wake, akaipeleka getini mwenyewe.

Elly hakuipokea. "Mama, kalamu yako imestaafu."

"Elly, ni vifaranga. Ni vya mama Sheilah, wifi yangu."

"Hata ingekuwa malaika. Orodha inasema namba hamsini na saba. Jana boss amesema nini? Mimi nina watoto watano, mama. Usinitafutie shamba la kulima."

"Basi niitie boss."

"Amekwenda Busia. Atarudi mchana."

Rosebella alirudi ofisini akitembea haraka, matope yakimrukia soksi. Aliketi, akafungua orodha ya kurasa, akaamua kwamba leo atajibu maswali yote kumi na tisa hata kama ni mara kumi. Orodha iliishia ukurasa wa tano.

Alihesabu tena kwa kidole juu ya kioo. Tano. Akainuka akaenda chumba cha pili, ambako Levis alikuwa anakula mandazi juu ya gazeti.

"Bwana Levis, ukurasa wa sita uko wapi?"

"Ule wa mizigo hai? Tuliutoa, madam. Ulikuwa hautumiki."

"Nani aliwaambia hautumiki?"

Levis alitabasamu, si kwa dharau. "Wewe mwenyewe."

Akamweleza. Programu ilikuwa inaandika kila kitufe anachobonyeza, kila ukurasa anaofungua, na muda anaokaa bila kubonyeza chochote. Yote yaliingia kwenye disketi ambayo Levis alikuja kuichukua kila mwisho wa mwezi. Nairobi waliisoma ili kujua watumiaji wanataka nini na kuifanya programu iwe rahisi. "Ukurasa wa sita ulifunguliwa mara tatu, Julai. Baada ya hapo ni sifuri mpaka leo. Tukasema tuwapunguzie mzigo."

Rosebella alishika fremu ya mlango. Kwa miezi minane alikuwa amedhani kompyuta ni chombo, kama cherehani. Hakujua kwamba ilikuwa inamtazama. Wala hakujua kwamba alichokuwa anakiacha kilikuwa kinasikika kama amri.

"Urudishe," alisema. "Sasa hivi. Kuna vifaranga nje."

"Disketi za zamani ziko Nairobi."

"Piga simu."

Levis aliinua simu ya Bwana Josiah, akasikiliza, akairudisha chini polepole. Mvua ilikuwa imeiua tangu usiku.

* * *

Ukungu uliondoka saa tatu, na jua likatoka kana kwamba lilikuwa na deni. Lori lilikuwa limebanwa kati ya matangi mawili ya mafuta, hakuna kivuli. Dereva alikubali kuinua turubai upande mmoja tu.

"Shusha hata boksi mbili, ndugu yangu," Omoding alimsihi. "Tuziweke chini ya mti pale nje."

"Nyuma kuna sili ya forodha. Nikiikata, mimi ndiye nitalala ndani, si wewe."

"Kwa hivyo tukae tu tuangalie?"

"Nendeni muongee na getini."

Omoding akaenda kuongea na getini. Maneno yalikuwa mengi na mengine hayakuwa mazuri. Rosebella alikwenda mara nne. Mara ya mwisho Elly alijifungia kibandani na kuongea naye kupitia dirishani, kichwa chini, kama mtoto anayekana kosa. Levis alikuwa ameketi kwenye kompyuta akijaribu kuutengeneza upya ukurasa alioutoa, shati likimganda mgongoni. Kila alipodhani amemaliza, orodha ya getini ilikataa kubadilika.

Mfanyabiashara mmoja wa Uganda alipita na gunia la nguo begani, akasimama akasikiliza sauti kutoka ndani ya lori. "Nyabo, pole mama," alimwambia Anyait. "Kwa nini hukupitia mtoni tu?"

Anyait alikuwa amepanda juu ya gurudumu, mkono ameuingiza chini ya turubai hadi begani, akimimina maji kwa kikombe mahali asipopaona. Asubuhi sauti ya vifaranga ilikuwa kama mvua ndogo juu ya bati. Saa sita ilikuwa imepungua. Saa nane mtu alihitaji kunyamaza ili aisikie.

Bwana Josiah alirudi saa tisa kasoro. Alipoambiwa, hakumaliza hata kushuka garini. "Fungua hiyo geti," alimwambia Elly. "Wewe huna akili?"

Elly alifungua. Lakini Anyait alikuwa ameomba sili ikatwe pale pale mbele ya ofisa wa forodha, na ilipokatwa wakashusha boksi la kwanza wakaondoa kifuniko.

Vifaranga walikuwa wamelundikana katika pembe moja, wale wa juu wakiwa wamekanyaga wa chini, manyoya yamelowa na kushikamana, midomo wazi. Hakuna kilichosogea. Boksi la pili lilikuwa hivyo hivyo. Katika la tano, chini kabisa, karibu na tundu la hewa, baadhi walikuwa wanapumua. Walipotoa wote walio hai, hawakujaza karai moja.

Anyait hakulia. Alimchukua mmoja akampulizia mdomoni, taratibu, mara nyingi, na watu waliokuwa wamekusanyika waliondoka mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa vigumu kumtazama.

* * *

Omoding alimpeleka dada yake nyumbani, karai limefunikwa kwa kanga. Saa kumi Bwana Josiah alimwita Rosebella chumbani kwake. Levis alikuwemo, na Elly aliitwa asimame mlangoni.

"Mimi nataka kujua kosa ni la nani," alisema Bwana Josiah. "Bwana Levis, wewe una rekodi. Soma."

"Rekodi si ya mambo kama haya, mzee. Ni ya kuboresha..."

"Soma."

Levis alikunjua karatasi ndefu za printa, zile zenye matundu pembeni. "Kitufe cha kufuta. Mara elfu mbili na kumi na moja tangu Januari."

"Elfu mbili!" Bwana Josiah alimgeukia Rosebella. "Wewe unaandika au unafuta? Endelea."

"Saa nne asubuhi, kila siku. Dakika saba hakuna kitu kinachobonyezwa."

"Unaendanga wapi saa nne?"

"Siendi mahali, boss," alisema Rosebella. "Naomba."

"Unaomba nini?"

"Naombea madereva. Na ofisi."

Elly aliangalia viatu vyake. Bwana Josiah alitikisa kichwa. "Kwa hivyo mimi nalipa mshahara wa maombi."

Levis aliona aibu, akatafuta katika karatasi jambo la kumsaidia. "Lakini tazama hapa, mzee. Kitufe cha msaada: sifuri. Miezi minane, madam hakuhitaji maelezo hata mara moja. Nairobi tulifurahi mno. Tuliandika ripoti kwamba programu inajieleza yenyewe. Toleo hili jipya, maelezo tumeyaondoa katika ofisi zote kumi na moja, kwa sababu ya hapa."

"Kitufe ya msaada?" aliuliza Rosebella. "Ile ya kwanza juu, upande wa kushoto?"

"Ndiyo."

"Ile tuliibandika plasta."

Levis alimtazama. Kisha akatoka akaenda kwenye kompyuta, na wote wakamfuata. Juu ya kitufe cha kwanza kulikuwa na kipande cha plasta ya kidonda, kimekolea uchafu hadi kikafanana na kibodi yenyewe. Jana na leo alikuwa ameketi mbele yake bila kukiona.

"Ukiibonyeza, mashine inaganda," Rosebella alieleza kwa upole. "Unazima, unawasha, kazi ya asubuhi yote imekwenda. Elly ndiye alileta plasta kutoka duka la dawa, ili kidole kisikosee."

"Ni kweli," alisema Elly. "Ilikuwa Agosti."

"Na kufuta?" Sauti ya Levis ilikuwa imeshuka. "Mara elfu mbili?"

"Namba za lori za Uganda. Nafasi haitoshi. Naandika, inakataa, nafuta, naandika tena bila herufi ya mwisho. Kila lori ya Uganda ni hivyo."

"Sisi tuliandika kwamba karani ana mkono mzito." Levis aliketi juu ya katoni ya karatasi. Uso wake ulikuwa umekauka. "Kwa nini hukusema, madam?"

"Nani aliniuliza? Ulikuja kila mwezi, ukasema habari madam, ukachukua disketi, ukatoka."

Hapo ndipo Rosebella alipoyasikia maneno yake mwenyewe hadi mwisho. Levis alikuwa amekuja mara nane. Mara nane alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Hesabu za Levis zilikuwa sahihi, hakuna hata moja ya uongo, na kila moja ilisema kisichokuwapo. Lakini ni nani aliyeziumba? Mikono hii, iliyojua njia ya kuzunguka kila shimo na haikumwonyesha mtu shimo liko wapi.

Bwana Josiah aliwarudisha ndani. Alichukua karatasi akaandika mistari mitatu, akaisukuma mbele ya Rosebella. Ilisema kwamba lori la vifaranga lilifika saa sita mchana na kwamba mwenye mzigo hakuwa na barua ya daktari wa mifugo.

"Weka sahihi. Kesho unaendelea na kazi yako, na hakuna mtu anapelekana mahakamani."

"Lori ilifika saa mbili, boss."

"Najua. Nimekuuliza saa?"

"Nipe mpaka asubuhi."

"Asubuhi saa mbili. Ikikosa sahihi, hata kiti usikalie."

* * *

Nyumbani, kabla jua halijatua, karai lilikuwa karibu na jiko la makaa. Vifaranga kumi na wanane walikuwa bado hai. Anyait alikuwa amepiga magoti juu ya gunia, akiwageuza kwa ncha ya kidole.

"Mashine yenu imeua," Omoding alimwambia mkewe.

"Usiseme naye hivyo," alisema Anyait bila kuinua macho. "Nilimwona tangu asubuhi anakimbia kwenye matope. Kama si yeye, hata hawa wasingekuwepo. Mungu akubariki, Rosebella."

Rosebella aliingia ndani akapiga magoti kando ya kitanda. Alikuwa mwombaji, hata kwenye foleni ya posho mill, akisubiri kusagiwa mahindi, maneno hayakumpungukia. Jioni ile hayakuja. Alianza mara tatu, na kila mara alisikia ile baraka ya Anyait, akanyamaza. Mshahara wake ndio uliomlipia mtoto wao Cindy karo ya shule na ndio ulionunua unga mvua ilipowazuia abiria wa Omoding. Alijua pia kwamba hakuna atakayemwuliza zaidi. Wifi yake alikuwa amekwisha kumsamehe kosa asilolijua.

Akatoka. "Mama Sheilah, kesho saa mbili uje ofisini. Wewe na Omoding."

"Kuna nini?"

"Kuna kitu nataka usikie. Hapa nyumbani sitakisema, kwa sababu hapa utanihurumia."

* * *

Jumatano saa mbili karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Bwana Josiah hakupenda kuwaona Anyait na Omoding wakiingia. Levis alisimama dirishani, na Elly mahali pake mlangoni. Rosebella hakukaa.

"Mama Sheilah," alisema, "ndani ya kompyuta ile kulikuwa na ukurasa wa mizigo kama yako. Ulikuwa mbaya, unasumbua. Mimi niliuacha nikatumia kalamu. Nairobi walikuwa wanahesabu, wakaona hakuna anayeutumia, wakautoa. Ungekuwepo jana, lori yako ingekuwa ya kwanza. Sikumwambia boss kwamba ni mbaya. Sikumwambia huyu kijana. Na karatasi hii inasema ulichelewa wewe, na ni uongo. Sitaweka sahihi."

"Umejifukuza mwenyewe," alisema Bwana Josiah.

Anyait hakumtazama Bwana Josiah. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu Julai."

"Mbona ulinyamaza?"

"Watu walikuwa wananisifu. Kama ukurasa ungetengenezwa, nani angenihitaji?"

Hilo hakulijua hata Omoding aliyelala naye kitanda kimoja.

"Mzee," Levis alisema, "ukimfukuza leo, mimi sina wa kumwuliza. Nina karatasi za ofisi kumi na moja mezani kwangu, na tangu jana sijui hata mstari mmoja wake unasema nini. Simu ilirudi jana jioni, nikaomba Nairobi waniache hapa wiki mbili. Niketi kando yake nione mkono wake."

"Na kama nikikataa?"

"Basi nitaandika kwa nini vifaranga walikufa, na lori ilifika saa ngapi."

Bwana Josiah aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nje lori lilipiga honi, likajibiwa na lingine.

Anyait alikuwa bado anamtazama wifi yake. Hasira ilikuwa imefika sasa, ikamtoa machozi ambayo jana hayakutoka. "Miaka yote nakusikia unaomba," alisema. "Mungu amekusikia vya kutosha. Mimi nataka hawa wakusikie. Sema utafanya nini."

Rosebella aliwatazama mmoja mmoja, mumewe, Elly, kijana wa Nairobi, bwana wake wa kazi, kisha akamtazama mwenye vifaranga.

"Niwe na kazi au nisiwe nayo, nitaketi na huyu Levis na kumwonyesha kila mahali mashine hii iliponishinda nikaficha, hata pale nitakapoona aibu. Na lori yako nyingine ikija, Anyait, nitasimama nayo juani mpaka ivuke. Mmenisikia wote."